Ankara za Kielektroniki Afrika Mashariki: Kila Nchi na Muundo Wake, au Kiwango cha Pamoja?

Kampuni ya usambazaji yenye matawi Nairobi, Arusha na Kigali inauza bidhaa zilezile, lakini inatoa ankara kwa mifumo mitatu isiyofahamiana, kila mmoja wa mamlaka ya mapato ya nchi yake. Kenya inatumia eTIMS, iliyoanzishwa mwaka 2023 baada ya mashine za risiti za ETR na mfumo wa TIMS. Tanzania ina mashine za risiti za EFD, zilizoanza kutumika mwaka 2010, pamoja na VFD, ambayo ni programu inayofanya kazi ya mashine hizo. Rwanda ina EBM tangu mwaka 2013. Tawi likifunguliwa Kampala litakutana na EFRIS, ambayo ni ya lazima kwa waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tangu Januari 2021.

Mjadala wa hadharani kuhusu mifumo hii umehusu zaidi ulazima wake, na si bila sababu. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakipinga EFRIS na adhabu zake, na ilibidi Rais Museveni akutane nao. Hata hivyo kuna suala jingine ambalo halijapewa nafasi inayostahili, na ambalo gharama yake italipwa kwa miaka mingi: taarifa za ankara zipangwe kwa muundo gani, na muundo huo uamuliwe na nani.

Ni vyema kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea. Ankara iliyohifadhiwa kama PDF na kutumwa kwa barua pepe ni karatasi iliyobadilishiwa njia ya kusafiri tu, kwa kuwa anayeipokea bado atakaa chini na kuandika upya jina la muuzaji, kiasi na kodi katika daftari lake la hesabu. Sheria ya Ujerumani imeliweka jambo hili wazi: kuanzia 1 Januari 2025, PDF ya kawaida haihesabiki kuwa ankara ya kielektroniki katika biashara baina ya kampuni. Kinachohesabika ni taarifa zilizopangwa kwa namna ambayo kompyuta ya mnunuzi inaweza kuzisoma na kuzichakata bila mkono wa mtu.

Mpangilio huo una tabaka mbili. Ya kwanza ni maana, yaani ankara iwe na vipengele gani na kila kipengele kimaanishe nini. Ya pili ni namna ya kuandika, kwa mfano XML au JSON. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 16931, kilichotolewa mwaka 2017 kufuatia agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014, kilizitenganisha tabaka hizi kwa makusudi: kilikubaliana kwanza juu ya maana, kisha kikaruhusu namna mbili za uandishi, UBL na CII. Kwetu tabaka zote mbili zinatofautiana. VFD ya Tanzania hupokea XML, eTIMS na EFRIS hupokea JSON. Tofauti hiyo ya uandishi si tatizo kubwa, kwa sababu mtengeneza programu mzoefu anaweza kuigeuza moja kuwa nyingine. Tatizo liko kwenye maana.

Chukua herufi za kodi zinazochapishwa kwenye risiti. Nchini Kenya, herufi A katika eTIMS ni bidhaa zilizosamehewa VAT, B ni asilimia 16, C ni kiwango cha sifuri, na E ni asilimia 8. Nchini Rwanda, B ni asilimia 18. Kwenye risiti ya EFD ya Tanzania, A ndiyo asilimia 18, na bidhaa zilizosamehewa ziko chini ya E. Kwa hiyo herufi A inayomwambia mhasibu wa Nairobi kwamba hakuna kodi ya kudai, inamwambia mwenzake wa Arusha kwamba kodi imetozwa kwa kiwango kamili. Kampuni inayoweka hesabu za matawi yote mahali pamoja lazima itengeneze jedwali la kutafsiri herufi hizi, ilirekebishe kila sheria ya fedha inapobadilisha viwango, na iombe Mungu asiwepo aliyesahau mstari mmoja. EN 16931 iliepuka mtego huu kwa njia nyepesi: aina ya kodi ina sehemu yake, ambapo S ni kiwango cha kawaida, Z ni sifuri na E ni msamaha, na asilimia yenyewe huandikwa katika sehemu nyingine. Nchi ikipandisha kodi, tarakimu hubadilika na maana hubaki palepale.

Pamoja na hayo, wanaotetea mfumo wa kila nchi wana hoja nzito. Mifumo hii ilijengwa ili kuziba mianya ya VAT, hasa ankara za uongo zinazotolewa na kampuni hewa ili mnunuzi adai kodi ambayo haikulipwa na mtu yeyote. Kwa kazi hiyo, mamlaka kuiona ankara inapotolewa ni silaha kali kuliko kiwango chochote cha kimataifa, na mamlaka inayomiliki muundo inaweza kuubadilisha bila kusubiri makubaliano ya mataifa mengine. Inaweza pia kumfikia mfanyabiashara mdogo. Mwenye kibanda Kenya anaweza kutoa ankara ya eTIMS kwa simu ya kawaida akipiga *222#, na tangu mwishoni mwa 2024 sheria inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Mkulima wa nyanya hawezi kuambiwa aandae faili la UBL.

Ulaya yenyewe haitupi mfano usio na dosari. Italia iliyalazimisha makampuni kutumia ankara za kielektroniki tangu Januari 2019 kupitia mfumo mmoja wa serikali na muundo wake wa FatturaPA, bila kusubiri majirani. Ujerumani ina XRechnung, ambayo inafuata kiwango cha pamoja lakini ina masharti ya nyongeza. Mtandao wa kutumiana ankara wa Peppol, ambao Ubelgiji imeuchagua kwa biashara baina ya kampuni kuanzia Januari 2026, humtaka muuzaji na mnunuzi wapitie kwa watoa huduma walioidhinishwa, na huduma hizo kwa kawaida hulipiwa. Kumwongezea mwenye duka la Kariakoo ada ya namna hiyo, wakati tayari analalamikia gharama za mashine, hakuwezi kutetewa.

Lakini hoja hizi zinatetea udhibiti wa mamlaka na njia za kumfikia mdogo. Hazitetei maana tofauti za herufi A. Anayepiga *222# hauoni muundo unaotumika nyuma ya pazia, kwa hiyo kuubadilisha hakumgusi. Anayeguswa ni mnunuzi wa kati, kampuni yenye wahasibu wawili au watatu. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi ya mapato Kenya, isipokuwa kwa aina chache zilizosamehewa. Ni kweli kwamba programu iliyounganishwa na eTIMS inaweza kuvuta orodha ya manunuzi kutoka kwa mamlaka. Hata hivyo kampuni nyingi za ukubwa huo hazijaunganishwa hivyo. Zinapokea ankara yenye msimbo wa QR na kuiandika upya, mstari kwa mstari. Serikali imepata taarifa safi, na mnunuzi amebaki na kazi ya zamani pamoja na adhabu mpya.

Kwa maoni yangu, Jumuiya ya Afrika Mashariki haina haja ya mtandao mpya wala mfumo mmoja wa kodi. Inahitaji kukubaliana juu ya tabaka ya maana, kwa kuanzia na aina za kodi, utambulisho wa mlipakodi na uainishaji wa bidhaa. Katika hili la mwisho kasoro iko wazi zaidi, kwa sababu tumeshakubaliana na hatutumii makubaliano yetu. Forodha zetu zimekuwa zikitumia ushuru wa pamoja, ulioanza Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2005, wenye namba za HS, uainishaji wa kimataifa wa forodha, kwa kila bidhaa. Bidhaa hiyohiyo ikishaingia na kuuzwa ndani ya Kenya, eTIMS huitaka ipewe namba ya UNSPSC, mfumo mwingine kabisa wa kuainisha bidhaa. Katoni moja ya betri hupita mpakani ikiwa na namba moja na kufika dukani ikiwa na nyingine, na mamlaka inayotaka kulinganisha kilichoingizwa na kilichouzwa inajinyima kiungo ambacho tayari inacho mkononi.

Kazi ya kurekebisha haya si ndogo, na makampuni ya programu yatadai muda. Wapewe muda huo, miaka miwili au mitatu, huku namba za zamani zikiendelea kupokelewa sambamba na mpya. Ulaya yenyewe imejipa hadi Julai 2030 kabla ya ankara za kielektroniki kuwa lazima katika biashara inayovuka mipaka ya nchi wanachama. Sisi tunaweza kuanza na jedwali moja la aina za kodi, lililotiwa saini na mamlaka zote za mapato za Jumuiya na kuchapishwa hadharani ili kila mtengeneza programu alitumie bila malipo.