Sukari ya asubuhi: mgonjwa anasingiziwa, ini limekaa kimya

Mtu ana kisukari, jioni kala mchicha na kipande cha samaki, asubuhi anapima sukari anakuta 9 (mmol/L), iko juu. Nyumbani wanamwangalia kwa jicho baya, eti usiku aliamka akapekua friji. Jamani, hiyo sukari imetoka kwenye ini. Usiku ini linamwaga sukari kwenye damu ili ubongo usikose, insulini ndo inaliambia basi inatosha, sasa ini likijaa mafuta linakuwa kiziwi, linamwaga tu. Hata metformin, kile kidonge wengi wanaanzishiwa, kazi yake kubwa ni kulibana ini hapo hapo.

Wanaosema kisukari ni kongosho (kiungo kinachotengeneza insulini) hawajakosea, maana kongosho lenye afya linaongeza insulini hadi ini kiziwi lisikie, ndo maana wapo kibao wenye mafuta kwenye ini na sukari yao iko poa. Kuna hata jeni inaitwa PNPLA3, ukiirithi ini linajaa mafuta lakini sukari haipandi kivile.

Ila mimi hunitoi kwenye zile siku 7. Mwaka 2011 mtafiti wa kisukari Roy Taylor na wenzake huko Newcastle, Uingereza, walichukua watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili wakawapa kalori 600 tu kwa siku. Wiki moja, mafuta ya ini yameshuka 30% na sukari ya asubuhi imerudi kawaida, wakati kongosho lilihitaji wiki 8 kuamka. Yaani ini ndo lilitangulia! Sawa, watu 11 ni wachache, lakini 2017 ukaja utafiti wa DiRECT wa watu karibu 300, na kwenye kundi lililopunguzishwa uzito 46% walimaliza mwaka sukari ikiwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Hao walikuwa hawajazidi miaka 6 na ugonjwa, aliyekaa nao miaka 20 asiahidiwe hivyo. Na ukiwa unachoma insulini usijaribu kalori 600 peke yako, sukari itashuka uanguke. (Wauza juisi za "kusafisha ini" hata siwazungumzii.)

Kliniki tunaangaliwa macho, figo, miguu, vizuri sana. Ini nalo liangaliwe basi, hesabu ya FIB-4 ya kubashiri makovu ya ini inataka umri, AST na ALT (vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini) na chembe sahani (zile za kugandisha damu), damu ya kutolewa mara moja tu.