Si kipaji, ni nyuzi ziko juu

Imepita tena ile picha. Jua linazama, kijana kakaa juu ya jiwe na gitaa mapajani, na chini yake maneno ya rangi ya dhahabu: "Hujachelewa, ifuate ndoto yako ya utotoni." Imesambazwa grupu la familia, la kazini, mpaka la wazazi wa darasa la pili. Mioyo, moto, amina nyingi. Hakuna aliyeona kwamba kijana kafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. La nailoni limejengwa kubeba kama kilo 40. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, litang'oka kabla ndoto haijatimia.

Wengi wetu ndoto hii tuliianza na galoni ya mafuta ya kula, ubao uliochongwa kwa panga na waya wa breki za baiskeli. Franco Luambo mwenyewe, gwiji wa rumba wa Kongo, alianzia kwenye gitaa la kujitengenezea. Halafu shule, kazi, ada za watoto. Siku moja mtu anajipongeza, anaingia dukani, anatoka na gitaa jipya linalong'aa. Miezi miwili baadaye liko juu ya kabati, mfuko umejaa vumbi, na mwenyewe anakwambia kwa unyonge, "Mimi bwana sina kipaji."

Hapo ndipo hasira zinaponipanda. Kipaji kilipimwa lini? Kilichopimwa ni nguvu za vidole kubonyeza nyuzi zilizokaa juu kama za kuanikia nguo.

Chukua rula ya shule. Tyuni gitaa kwanza, kwa sababu nyuzi zikilegea kipimo kinadanganya. Simamisha rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani), pima kutoka juu ya chuma cha freti mpaka chini ya uzi. Gitaa la nyuzi za chuma liwe na milimita 2.5 hivi kwenye uzi mnene na 2 kwenye mwembamba. La nailoni huruhusiwa kufika 4 na 3. Kwenye magitaa ya bei rahisi yenye nyuzi za chuma si ajabu kukuta 4, hata 5. Kwa hali hiyo hata mpigaji wa bendi atatoka jasho, sembuse mhasibu wa miaka 43 aliyerudi nyumbani saa mbili usiku.

Dawa ipo, ila ina utaratibu wake. Anza na shingo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote (wa 1 ndio mwembamba), kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, kisha chungulia freti ya 7: nafasi kati ya uzi na freti iwe kama unene wa kadi ya biashara. Ikizidi sana, shingo imepinda. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana bolti ya kunyoosha shingo, ama ndani ya tundu ama chini ya kifuniko kidogo kichwani. Kaza kwa kile kispana chenye umbo la L, robo mzunguko tu, tyuni upya, pima tena. Wenye pupa hukaza mzunguko mzima, bolti ikakatika, na gharama ya kuirekebisha ikapita bei ya gitaa.

Shingo ikinyooka, nenda darajani. Kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi huchomoka ukizilegeza. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi, ukitaka kushusha milimita 1 pale, unapunguza milimita 2 huku. Sugua upande wa chini, kamwe si wa juu, maana juu kuna mviringo uliokusudiwa. Piga mstari kwa penseli, bandika msasa kwenye kipande cha kioo, sugua ukiwa umekishika wima, na uishie kabla ya mstari. Ukizidisha utaanza kutafuta plastiki ya kadi ya laini ya simu ya kupachika chini yake. Hiyo nayo inafanya kazi, tusidanganyane.

Kipande cheupe cha kule kichwani mwachie fundi. Ukibonyeza uzi kwenye freti ya 3, juu ya freti ya 1 ibaki nafasi ya unywele. Ikiwa kubwa, ndiyo sababu ule mpangilio wa vidole uitwao F unakutesa. Lakini ile mifereji huchongwa kwa tupa za unene wa kila uzi, na ukichimba kupita kiasi uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, unalia kama nyuki ndani ya chupa. Humjui fundi? Ulizia bendi yoyote ya dansi au kwaya ya kanisa la jirani. Mpigaji wao anaye.

Sasa tuje kwa vidole. Vitauma wiki mbili tatu, kisha ngozi inakomaa. Bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti, nyuma yake, usibonyeze katikati ya nafasi. Nguvu inayotakiwa inapungua sana. Na kwa yeyote anayeishi pwani: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, jasho na chumvi ya hewa vinazitia kutu upesi. Usiliache gitaa ndani ya gari juani, gundi inalainika.

Muda? Dakika 20 kila siku. Zile saa tatu za Jumamosi hazisaidii: vidole vinavimba, na mpaka Jumamosi ijayo mkono umesahau. Anza na Em, vidole viwili tu, halafu G, C na D. Ugumu wa kodi, yaani mipangilio hiyo ya vidole (si ile ya TRA, ingawa nayo inauma), siyo kuishika, ni kuihama. Weka saa ya simu dakika moja, hesabu umehama mara ngapi kutoka C kwenda G. Ukifika 30 bila kutazama vidole, unaweza kusindikiza mwimbaji.

Na F isikufukuze. Piga ndogo ya nyuzi nne: kidole cha kwanza kibonyeze uzi wa 1 na wa 2 freti ya 1, cha pili uzi wa 3 freti ya 2, cha tatu uzi wa 4 freti ya 3. Hata hiyo ikikataa, funga kapo, kile kibanio cha shingoni, freti ya 5 upige G, C na D zako. Masikio yatasikia C, F na G, na hakuna atakayekuja kukagua.

Lakini aliyeota gitaa utotoni hapa kwetu hakuota kusindikiza. Aliota solo. Ile sauti tamu ya rumba, kama nyuzi mbili zinaongea kwa pamoja, wengi huidhania uchawi. Haina uchawi. Piga uzi wa 2 na wa 1 kwa mpigo mmoja. Namba ya kwanza ni freti ya uzi wa 2, ya pili ni ya uzi wa 1, na 0 ni uzi mtupu: 1 na 0, 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12. Ndiyo ngazi nzima ya C kutoka chini mpaka juu. Panda nayo, shuka nayo, polepole, mguu ukihesabu. Kisha ruka mbili, rudi moja. Siku ya tatu au ya nne kuna mtu atachungulia mlangoni kuuliza redio ni ya nani.

Haya, nikubali kidogo: hamasa ina kazi yake. Ndiyo inayokufikisha dukani. Baada ya hapo haijui hata kutyuni. Na wale wanaomtaja Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, kama mfano wa aliyechelewa wamwache apumzike. Alianza kuimba angali mtoto. Alipopewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, mwaka 2005 alikuwa na miaka mingi mno ya kazi nyuma yake. Iliyochelewa ni dunia.

Hutakuwa Mbaraka Mwinshehe. Sawa, ulikuwa na mpango huo?

Litoe basi juu ya kabati. Pigilia msumari ukutani, mbali na dirisha linalopigwa na jua, mahali ambapo mkono unalifikia kabla ya rimoti. Kama nyumba ni ya kupanga na ukuta haufiki darini, sukumia kitambaa cha pamba chini ya nyuzi karibu na daraja. Sauti inabaki kwako, na jirani anaendelea na tamthilia yake.