Adui wa Frank Grimes hakuwa Homer

Mashabiki wa The Simpsons, katuni ya televisheni ya Kimarekani, hawaishi kubishana kuhusu "Homer's Enemy" (Adui wa Homer), sehemu iliyorushwa na kituo cha Fox Mei 4, 1997. Wengine wako upande wa Homer, baba wa familia ya Simpson na mfanyakazi mzembe wa kiwanda cha umeme wa nyuklia, wengine wanamlilia Frank Grimes, mfanyakazi mwenzake mpya. Mimi nashangaa jinsi Mr. Burns, mwenye kiwanda, anavyoachwa nje ya kesi hii, ilhali ni yake.

Grimes alitelekezwa na wazazi akiwa na miaka 4. Utoto wake ukaishia kwenye kupeleka vitu vya kuchezea kwa watoto waliojaliwa kuliko yeye. Siku anatimiza miaka 18, ghala la nafaka likamlipukia. Akajifunza upya kusikia, akajisomea kwa njia ya posta mpaka akapata cheti cha fizikia ya nyuklia. Burns anaona habari zake kwenye televisheni, moyo unamlainika, anaagiza kijana aletwe awe makamu wake mkuu. Kesho yake Grimes anaripoti kazini, kumbe bosi ameshaona habari nyingine, ya mbwa shujaa, na cheo anapewa mbwa. Msomi anasukumiwa Sekta 7G, kitengo cha Homer kiwandani, akae naye.

Watu hucheka hapo wakapita. Mimi siwezi kupita. Maisha ya mtu yamegeuzwa kwa sababu mkubwa alikaa mbele ya televisheni siku mbili mfululizo.

Halafu linakuja tukio la asidi. Homer, kwa uzembe wake wa kila siku, anainua chombo cha asidi ya salfuriki ainywe kama maji. Grimes anakipiga kofi, asidi inarukia ukuta na kuuyeyusha. Ameokoa roho ya mtu. Burns anapita wakati huohuo, anachokiona ni ukuta wake tu, na mshahara wa Grimes unakatwa. Sasa angalia hasira inakokwenda: Grimes anamfuata Homer na kumtangazia uadui.

Uchungu wake naulewa kabisa. Anaishi katikati ya kumbi mbili za boling, moja juu na moja chini, kisha anakaribishwa kamba wa bahari katika jumba la mtu asiyejua kazi, aliyewahi kufika hadi angani na kushinda Grammy. Nani asingepandwa na presha? Lakini nyumba ile Homer hakumwibia Grimes.

Hata mtego wa mwisho wa Grimes, wa kumwingiza Homer kwenye mashindano ya watoto ya kubuni mtambo wa nyuklia ili aaibike, mwamuzi wake ni Burns. Mtambo wa Martin, mmoja wa watoto hao, unatoa umeme kweli, ukumbini wote wanauona. Burns anaukataa na kumpa Homer ushindi. Ukumbi unashangilia, Grimes anapagawa, anakimbia kiwandani akimwigiza Homer mpaka anashika nyaya za umeme bila glovu na kufa.

Nampongeza mwandishi, John Swartzwelder, kwa kutomhurumia mtazamaji. Mazishini Homer anasinzia, anaropoka usingizini kwamba mkewe Marge abadilishe chaneli, na waombolezaji wanaangua kicheko huku jeneza likishushwa. Wengi huona ukatili wa sehemu hii uko kwenye kicheko kile. Kwangu ukatili uko Sekta 7G, ambako wafanyakazi wawili wanagombana hadi mmoja anazikwa, na aliyegawa cheo, aliyekata mshahara na aliyetoa zawadi haguswi na mtu.