"Ni ya Kwetu Hii"

Pete ya ndoa ya shangazi yangu ilikatwa na sonara. Viungo vya kati vya vidole vilikuwa vimevimba, pete haikupita hata kwa sabuni na mafuta ya nazi. Sonara anakereza taratibu, shangazi kageuza uso ukutani, akasema lile neno la nyumbani: "Ni ya kwetu hii." Bibi alikuwa nayo baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe, dada yake anayo, basi zamu yake imefika.

Neno hilo silipendi. Uongo si uongo. Iko jeni iitwayo HLA-DRB1, ambayo kazi yake ni kuisaidia kinga ya mwili kumtambua mgeni. Mwaka 1987 watafiti walionyesha kwamba aina kadhaa za jeni hiyo zinazoandamana na ugonjwa huu zina kipande kimoja kidogo kinachofanana. Kwa hiyo ndiyo, damu inahusika.

Lakini hebu tuwatazame mapacha wa kufanana, waliochangia vinasaba vyote. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1993 ulikuta kwamba pacha mmoja akiwa na ugonjwa, mwenzake huwa nao kwa takriban 15 katika 100. Kwa mapacha wasiofanana ni kama 4. Hapo urithi unaonekana wazi, sikatai. Ila wale 85 je? Damu ile ile, tumbo lile lile, na viungo vyao vizima.

Kuna mambo mengine yanayoamsha kilicholala, na sigara ni mojawapo: mwenye aina hizo za jeni akivuta, hatari huongezeka maradufu na zaidi. Baba mdogo, ambaye huvuta tangu alfajiri, nilipomwambia alicheka. "Mwanangu, hii ni ya ukoo, sigara imeingiaje?" (Wanawake ndio huugua zaidi, mara mbili hata tatu ya wanaume, basi anajiona yuko salama.)

Kinachoniuma hasa ni ile miaka miwili. Shangazi alikuwa akiamka vidole vimekakamaa, chupa ya chai anaifungua kwa meno, mbuzi ya kukunia nazi kaisukuma uvunguni. Mpaka saa nne ndipo mikono inalegea. Akajipaka dawa ya kuchua na kungoja, maana cha ukoo utakipeleka hospitali gani? Na miaka ya mwanzo ndiyo mifupa hulika, ndiyo pia dawa za kutuliza kinga husaidia zaidi. Alipoanzishiwa, maumivu yalipungua. Vidole vilivyokwisha kupinda havikunyooka.

Juzi mdogo wangu kanipigia simu. Wiki ya saba sasa, asubuhi hawezi kufunga vifungo vya sare ya mwanawe. Akaanza, "Si unajua, dada, ni ya kwe..." Nikamkata kauli. Jumatatu tunakwenda kupima damu, nauli natoa mimi.