Nitalipa kodi ya soda, ila nirudishiwe chenji

Jumapili moja nilikaa mezani na mwanangu tukiwa na chupa ya soda ya nusu lita, bakuli la sukari na kijiko cha chai. Nyuma ya chupa, kwa herufi ambazo sikuziona mpaka nikavaa miwani, imeandikwa gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa nzima, gramu 53. Kijiko cha chai kisicho na mlima kinabeba kama gramu 4, basi tukaanza kumimina kwenye glasi ya maji: kimoja, viwili, vitatu. Tulipofika kumi na tatu mtoto alikuwa ameacha kucheka. Akaonja, akatema kwenye sinki. Halafu akaniomba amalizie soda iliyobaki.

Ubaridi, gesi na asidi ndivyo vinavyouficha utamu wote ule. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Chupa moja, na siku imekwisha kabla hujala.

Sasa kuna wanaosema tutoze kodi vitu kama hivi ili kupunguza gharama za maisha. Mara ya kwanza kusikia nilicheka. Maisha yamepanda, na dawa yake ni kupandisha bei? Anayehesabu senti mwisho wa mwezi atakuona una kichaa.

Nilipomaliza kucheka nikamkumbuka shangazi yangu. Ana kisukari. Daktari amemwambia apime sukari asubuhi na jioni, na kila kipimo kinakula kijiti kimoja: tone la damu, namba inatokea, kijiti kinatupwa. Shangazi anapima leo, kesho anaruka, ili kikopo cha vijiti kimfikishe mwisho wa mwezi. Siwezi kuapa kwamba soda na biskuti ndizo zilizomletea ugonjwa huo. Ninachojua ni kwamba tukikaa kulalamika kuhusu bei ya chakula, kile kikopo hakuna anayekitaja. Nauli ya kliniki hatuitaji pia, wala siku za kazi anazopoteza anayemsindikiza. Chakula cha bei poa tunakilipia kwa awamu, na awamu za mwisho zinalipiwa kwenye duka la dawa.

Kwa hiyo kodi naikubali. Ugomvi wangu uko kwenye jinsi inavyotozwa na inakoishia.

Meksiko walianza Januari 2014: peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari, na asilimia 8 kwa vyakula visivyo vya lazima vyenye kalori 275 au zaidi kwa gramu 100. Manunuzi ya vinywaji hivyo yalishuka, na waliopunguza zaidi walikuwa watu wa kipato cha chini. Watetezi wa kodi huisimulia habari hiyo kwa furaha, na wana haki. Lakini mlalahoi amepunguza kwa sababu bei imembana kooni, na yule ambaye hakupunguza analipa sehemu kubwa ya kipato chake kuliko tajiri anayekunywa soda ileile. Anayesema kodi hii haimuumizi maskini anadanganya. Inamuuma. Swali ni kama anapata kitu cha kumpoza.

Uingereza walikuja na akili tofauti, na mimi hiyo ndiyo inanivutia zaidi. Walitangaza ushuru wao mwaka 2016 na kuanza kuutoza Aprili 2018. Mwanzoni kinywaji chenye chini ya gramu 5 za sukari kwa mililita 100 hakikulipiwa kitu. Kuanzia 5, kililipiwa peni 18 kwa lita. Kuanzia 8, peni 24. Anayebanwa hapo ni mwenye kiwanda, na amepewa miaka miwili ya kurekebisha mitambo yake. Wengi walipunguza sukari kabla hata siku ya kwanza ya ushuru haijafika. Mnunuzi wa soda hizo zilizorekebishwa akajikuta anakunywa sukari pungufu bila kuongezewa ushuru. (Si wote waliofurahi. Uskoti kuna soda moja ambayo mashabiki wake walirundika masanduku nyumbani kabla ladha haijabadilika. Nawaelewa.)

Denmaki nao walitupa funzo la upande wa pili. Oktoba 2011 walitoza mafuta yaliyoshiba (yale yanayoganda, kama ya siagi), krona 16 kwa kilo, na ndani ya wavu huo wakanasa siagi, jibini na nyama. Watu wakavuka mpaka kwenda kununua Ujerumani, na Januari 2013 kodi ikafutwa. Ukigusa kitu ambacho mtu anakipikia kila siku, umemgusa jikoni kwake, na hatakusikiliza tena hata ukiwa na hoja ya maana. Soda na peremende mtu anaweza kuziacha akalala usingizi. Mafuta ya kupikia je?

Sasa tuje kwenye chenji. Mwaka 2021 Henry Dimbleby, aliyeombwa na serikali kuandika mkakati wa chakula wa Uingereza, alipendekeza kodi ya pauni 3 kwa kila kilo ya sukari na pauni 6 kwa kila kilo ya chumvi inayoingia kwenye vyakula vya viwandani, na sehemu ya fedha hizo iwanunulie matunda na mboga watu wa kipato cha chini. Serikali ikaikataa kodi hiyo. Kwangu pendekezo lile ndilo pekee linalostahili kuitwa la kupunguza gharama za maisha, kwa sababu lina mikono miwili: mmoja unachukua kwenye sukari, wa pili unaweka kwenye mboga. Kodi ikishazama kwenye mfuko mkuu wa serikali bila kufungiwa kazi yake, hutaiona tena.

Na mkono wa pili hauna uchawi. Latvia mwaka 2018 walishusha kodi ya ongezeko la thamani kwenye matunda na mboga zinazolimwa kwao, kutoka asilimia 21 hadi 5. Kazi ngumu hapo ni kumlinda mnunuzi ili nafuu isiishie kwa mchuuzi wa kati, na hiyo inahitaji mtu wa kufuatilia bei sokoni wiki baada ya wiki.

Siku waziri atakaposimama kusoma kodi kama hii, sitahangaika sana na kiwango. Nitafunua kurasa kutafuta mstari mmoja tu: ni chakula gani kinashuka bei, na lini. Nisipouona, kura yangu ni hapana, hata kama ile glasi ya vijiko kumi na tatu bado naikumbuka.