Doa Kwenye Picha ya Ubongo Bado Si Ugonjwa

Mtu aliyeugua kipandauso kwa miaka mingi akipigwa MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, si ajabu picha ikatoka na madoa madogo meupe ndani ya ubongo. Madoa ya aina hiyo huonekana pia kwa wenye shinikizo la damu, na hata kwa watu wa makamo wasioumwa chochote. Lakini yamo vilevile kwenye multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 110 walioambiwa kimakosa kuwa wana ugonjwa huo. Theluthi moja hivi waliishi na jina hilo kwa miaka 10 au zaidi, na wengi walimeza au kudungwa dawa kali zisizowahusu. Hilo linaniuma, kwa sababu kati ya maradhi yao halisi, kipandauso kilikuwa mstari wa mbele.

Wanaotaka kila kinachoonekana kwenye picha kishughulikiwe mapema nao wana hoja nzito. Chukua uvimbe unaong'aa kama pete mgonjwa anapodungwa dawa ya kung'arisha picha. Pete hiyo yaweza kuwa saratani ya glioblastoma, jipu la usaha, kifua kikuu cha ubongo au lava wa tegu wa nguruwe. Jipu likicheleweshwa huua. Lakini pia wapo waliopasuliwa kichwa kwa kudhaniwa wana saratani, kumbe ni tegu.

Lawama siianzii kwa msomaji wa picha. Tazama fomu anayoletewa: "maumivu ya kichwa", basi. Haitaji homa wala jino lililooza, ambavyo vingemwelekeza kwenye jipu. Ndipo anaorodhesha kila linalowezekana, na ana haki, kwani kuinyamazia saratani iliyopo ni kosa kubwa zaidi. Shida ni pale "huenda" yake inapopotea kati ya ripoti na faili la mgonjwa.

Kwa pete, ile MRI inayopima mwendo wa maji ndani ya tishu husaidia sana: usaha mzito kwa kawaida hung'aa, katikati ya saratani mara nyingi hapang'ai. Kwa madoa, mahali yalipo husema mengi, na ambaye hajawahi kufifia macho, kufa ganzi wala kuishiwa nguvu za viungo anaweza kurudia kipimo baada ya miezi kadhaa kabla ya kuanzishiwa dawa. Mwenye homa na anayezidi kusinzia hasubirishwi hata siku moja.