Mlima hatuuamuru, lakini tulionywa
Kuna mwandishi mmoja aliyeandika kwamba maporomoko ya tope yaliyoukumba mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang nchini Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023 yalikuwa kazi ya Mungu, na kwa hiyo hapakuwa na jambo lolote ambalo mwanadamu angeweza kulifanya. Sehemu ya kwanza naikubali, kwa kuwa Mlima Hanang uliwekwa pale na Muumba, na siku sehemu yake yenye miamba dhaifu iliponyonya maji ya mvua ikameguka, hakuna serikali wala jeshi ambalo lingeweza kuyazuia mawe, magogo na tope vilivyoteremka hadi kwenye makazi na kuua watu zaidi ya 80. Sehemu ya pili naipinga, tena naipinga nikiwa mtu wa imani. Mungu yule yule aliyeleta gharika alimwonya Nuhu kwanza na kumwamuru aunde safina, na Yusufu alipofunuliwa habari za njaa ya miaka saba hakuishia kusali, bali alijaza nafaka katika maghala ya Misri. Sisi nasi tulionywa, kwani Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutangaza tangu Agosti kwamba mvua za vuli mwaka ule zingeambatana na El Niño, yaani ongezeko la joto la Bahari ya Pasifiki ambalo kwetu huleta mvua kubwa kuliko kawaida. Mlima hatuuamuru, lakini mahali pa kujenga tunapachagua wenyewe. Je, ndugu wasomaji mnaoishi chini ya milima, ni nani anayekagua mikondo ya maji inayopita karibu na nyumba zenu kabla mvua hazijaanza?